Samaki wa Erastus

Msumeno wa petroli ulinguruma nyuma ya jiko nikiwa nimekaa kando ya jeneza la mume wangu Erastus, miguu nimeinyoosha juu ya mkeka. Nilijua mara moja ni mti gani. Nyumbani kwetu Lurambi kulikuwa na migomba, mipera miwili, na mti mmoja tu wa kuhitaji msumeno kama ule: musutsu mkubwa uliofunika bwawa la Erastus.

Nilimwita Wandera, mdogo wake. Alikuja ameinama, kofia mkononi, kama watu wanavyomwendea mjane.

"Shemeji, mti huo uacheni," nilimwambia. "Kuni za kununua zipo."

"Za kununua?" Alichuchumaa karibu nami ili wengine wasisikie. "Yaani ukoo mzima ule chakula cha msiba kilichopikwa kwa kuni za sokoni, kama vile ndugu yangu hakuwa na boma? Hapana, shemeji. Mwenye mji anapikiwanga na mti wake. Hata baba tulimpikia hivyo."

"Kuna samaki chini yake."

Alinitazama kwa huruma, akanishika bega. "Samaki hatuwagusi. Wao wako kwa maji. Mti uko juu."

Nilitaka kuinuka. Lakini kwetu, maiti ikishafika nyumbani, kazi ya mjane ni kukaa, na kila kazi nyingine ni ya watu wengine. Nilikaa. Mti ulianguka bila haraka, ukavunja tawi la mpera, na wanaume wakashangilia kidogo, halafu wakakumbuka wako wapi.

Samaki wale hawakutoka sokoni. Erastus aliwatoa katika kijito kinachoshuka kutoka msituni, maji yanayopita chini ya miti tangu kwenye chemchemi na yasiyolijua jua. Walikuwa wadogo, wengi hawakuzidi kiganja, migongo yao rangi ya majani makavu, na sharubu fupi mdomoni. Aliwavua kwa kikapu, akawabeba katika mtungi wa plastiki aliouzungushia gunia bichi, akitembea alfajiri ili awahi jua.

Wa kwanza walikufa wote. Alikuwa amechimba bwawa mbele ya nyumba, mahali peupe, ili wageni walione. Mchana maji yalipata moto hadi ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Nilimkuta amepiga magoti pale, fundi wa mabomba mzima, anawapungia kofia.

"Si njaa inayowaua," aliniambia jioni. "Maji yakipata moto, pumzi inaisha ndani yake. Wanazama wakiwa majini."

Akachimba lingine nyuma ya jiko, chini ya musutsu, akalijengea kuta za mawe, refu kwenda chini kupita kiuno chake. Hao wa pili waliishi. Kila mchana, akiwa nyumbani, alikunja shati, akatumbukiza mkono mpaka kiwikoni, akangoja kidogo kama mtu anayesikiliza ukutani. Kisha aliniambia kupitia dirisha la jikoni, "Bado ni mto."

Dada yake Zipporah alimcheka. "Samaki wa mwaka mzima, na hakuna mtu amewahi kunusa hata mchuzi? Erastus, hao wanaishi vizuri kuliko mimi."

"Wewe ukikaa kimya kama wao nitakuchimbia lako," alimjibu.

Figo zilipomlaza hospitalini, aliniuliza habari za maji kabla ya kuuliza habari za mtu. Mwanzoni iliniuma. Baadaye nikajifunza kutumbukiza mkono kabla ya kupanda boda kwenda kumwona, nisije nikamjibu kwa kukisia. Siku ambazo hakuweza kuongea, nilimwambia tu bila kuulizwa. Bado ni mto. Naye alifumba macho na kuyafumbua.

Kutoka pale jenezani, kati ya hema na ukuta wa jiko, niliweza kuona kipande cha bwawa chenye upana wa mlango. Miaka yote kipande kile kilikuwa cheusi. Ijumaa ile kiling'aa. Ilikuwa Februari, mvua bado iko mbali, na jua liliingia mle majini kama mgeni asiyepiga hodi.

Nilimwomba Zipporah alifunike. Alikuwa ndiye anayesimamia jiko, sauti imemkauka kwa kuamrisha, lakini hakubisha. Aliburuta mwenyewe matawi ya mti ule ule, akayalaza juu ya bwawa, akanipungia mkono kwamba kazi imekwisha. Nilipumua.

Kisha wakaja wajomba zake Erastus na ngoma za isukuti. Walitimua vumbi kutoka barabarani, ng'ombe mbele, watu nyuma, kila mmoja akipunga tawi la majani mabichi, maana mwanamume hasindikizwi kwa mikono mitupu. Waliofika bila tawi waliangalia huku na huku, wakayaona yale ya bwawani. Waliyachukua moja baada ya jingine. Waliyainua juu na kumwimbia mume wangu, wakamsifu kwa jina la babu yake. Waliimba vizuri sana. Kwenye kipande changu cha maji jua likarudi.

Mchungaji alipokuwa akisema kwamba ndugu yetu sasa anapumzika, niliona uso wa maji unaanza kutoboka vitone vitone, kama mvua inapoanza. Haikuwa mvua. Kila kitone kilikuwa mdomo.

Hapo nilisimama, nadhani nilipiga kelele. Wanawake walinishika mabega pande zote mbili. "Lia, mama Ayuma," waliniambia, "lia, usiweke ndani." Nikawaambia, "Maji, maji," na mmoja wao akaniletea maji kwenye kikombe. Waliniketisha tena taratibu, wakanipangusa uso. Nilikunywa.

Jioni Zipporah alikuja na sahani iliyofunikwa kwa nyingine. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na miguu iliyosimama tangu maiti ilipofika ilikuwa imevimba ikamwagika nje ya ndara. Alijishusha mkekani kwa shida, akafunua. Obusuma, ugali wa kwetu, na kando yake samaki wadogo wa kukaanga, wamepangwa wote wakitazama upande mmoja.

"Nimewakuta wanaelea," alisema. "Nikaona wataoza bure. Wale vijana wa hema waliwataka, nikawafukuza na mwiko. Nikasema hawa si chakula cha msiba. Hawa ni wa mke wake."

Alikuwa hajala tangu asubuhi. Niliona jinsi alivyomeza mate. Nilimwambia tule pamoja, akakataa, akabaki ananitazama mkono.

Nilikula. Nyama ilikuwa haba na miiba ni mingi, na niliitoa mmoja mmoja.

"Chumvi imetosha?"

"Imetosha."

Siku hizi ananitembelea kila akipata nafasi. Hapiti sokoni bila kuninunulia samaki wa kukaanga, anawaleta wamefungwa kwenye gazeti, anawaweka mezani kabla hata hatujasalimiana.

"Najua unavyowapenda," huniambia. "Siku ile ulimaliza wote."

Mimi hutoa sahani mbili.