Siku Niliyomrudisha Mama Pasi

Kwa miezi kumi na moja sikumleta kwa Bwana hata mtu mmoja. Mwezi wa kumi na mbili nikamleta mmoja, nikamharibia maisha. Nasema hivi mapema ili usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kazi yetu wamisionari vijana ilikuwa kutembea wawili wawili, kubisha hodi, kutabasamu na kufungiwa milango usoni. Mimi na mwenzangu tulikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu: vitanda viwili vya chuma, jiko dogo la umeme, na ukutani ramani ya mtaa tuliyoipaka rangi. Nyekundu ilikuwa nyumba za waliotufukuza, njano za waliosema turudi siku nyingine. Baada ya nusu mwaka ramani yote ilikuwa nyekundu, na njano chache zilizobaki tulijua ni adabu za watu tu.

Mwenzangu alikuwa mtu wa shukrani. Mvua ikimnyeshea anashukuru, mbwa akimfukuza anashukuru kwamba hakumuuma. Sina ugomvi naye, ila kuna asubuhi nilimsikia anaimba huku akipiga mswaki nikatamani kumtupia kiatu. Kwangu mimi sala ilikuwa imekauka. Nilipiga magoti kila alfajiri, nikafumba macho, nikasema yote yanayopaswa kusemwa, na upande wa pili kimya. Nyumbani sikumwambia mtu. Baba alipiga simu kila Jumapili akiuliza, "Wangapi sasa?" kama anayeuliza matokeo ya mpira, nami nikamjibu kwamba bado tunapanda mbegu.

Chini ya jengo letu kulikuwa na duka la dobi, na mpiga pasi wa pale alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mikono imejaa makovu ya kuungua mpaka kwenye viwiko. Sisi tulimwita Mama Pasi, na jina akalipenda. Hakutufukuza. Alisema tukitaka kuongea tuongee, ila yeye hasimamishi kazi kwa sababu mashuka ya hoteli yanangoja. Basi tukamsomea Injili huku mvuke ukitupiga usoni, naye anaanza na ukosi wa shati, anahamia mabegani, anamalizia na mikono, bila kupoteza hata neno moja la tuliyosoma. Aliuliza maswali ambayo hayakuwemo kwenye kitabu chetu. Siku moja aliuliza kama Yesu alikuwa akimkumbuka mama yake alipokuwa safarini, au naye alikuwa mtu wa kwenda tu. Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anataka kujua.

Alikaa ng'ambo ya barabara kwa mwanawe wa pekee, fundi wa friji, pamoja na mkwewe na mjukuu wa kike wa miaka minne. Ningependa kusema yule mwana alikuwa mkorofi, ila hakuwa. Alikuwa mpole, mtu wa kumletea mama yake chai kazini. Alipogundua kwamba mama anajiandaa kubatizwa, alimwambia bila kupandisha sauti kwamba marehemu baba alizikwa na dini ya kwao, na yeye mwenyewe atazikwa nayo, na siku mama atakapoingia kwenye maji yale asirudi tena nyumbani.

Mama Pasi akanivuta nyuma ya rafu za nguo zilizokamilika.

"Nikitoka kwa mwanangu," akauliza, "nitabaki na nani?"

Jibu lilikuwemo kwenye kitabu: utabaki na Mungu, na kanisa litakuwa jamaa yako. Nililijua hata usingizini. Lakini nilikuwa na miezi kumi na moja ya mikono mitupu, nikamwona analegea, nikaogopa atarudi nyuma.

"Utabaki na mimi, mama," nikasema. "Mimi ni binti yako."

Nilisema huku nikijua. Kila mmisionari anajua kwamba hakai kituo kimoja zaidi ya mwaka na kitu. Barua ya uhamisho inakuja Jumatatu, Jumatano unafunga virago, na ukishaondoka huruhusiwi kuwapigia simu wala kuwaandikia uliowaacha, wasije wakakushika wewe badala ya Bwana. Ni sheria yenye busara. Siku ile nilijitia hamnazo.

Mchungaji alimbatiza Jumapili iliyofuata kwenye tangi la plastiki nyuma ya ukumbi tuliokodi. Watu kumi na wawili wakapiga makofi. Mama Pasi alitoka majini anatetemeka na kucheka, nywele zimemganda usoni, nikalia kwa furaha, na baba aliposikia akanitangaza mbele ya kanisa zima la nyumbani. Jioni ile begi la Mama Pasi lilikuwa nje ya mlango wa mwanawe. Alilipanga yule mwana mwenyewe, kila kanga na kila blauzi imekunjwa vizuri, jinsi mama yake alivyomfundisha.

Mwenye duka akamruhusu alale stoo, katikati ya magunia ya mashuka machafu. Wiki ya kwanza waumini walimjia na blanketi na sabuni, wakaimba naye. Wiki ya pili kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mimi nilikwenda kila siku, kabla ya mizunguko yetu na baada yake, tukala pamoja juu ya meza ya kupigia pasi. Alinipikia, akanishonea sketi iliyochanika, akanigombeza kwa kukonda. Hakulalamika hata mara moja. Ila kila jioni mkwewe alipopita na yule mtoto, walivuka barabara mapema ili wasipite mbele ya duka, na Mama Pasi akainamia shati lake na kulipiga pasi mahali palepale mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Nilikuwa nalitoa shati mikononi mwake polepole, naye anasema ahsante mwanangu. Nilijichukia kila aliponiita hivyo.

Wiki ya tano barua ikaja. Mwenzangu aliisoma kwa sauti, akashukuru. Mimi nilishuka ngazi nikampigia simu kiongozi wetu wa kanda, nikamsihi anipe miezi mitatu tu. Nikamweleza habari za begi, za stoo, za mtoto anayevushwa barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba yule kondoo si wangu. Ulikuwa ukweli mtupu, na nilitamani kumtukana. Jumanne nzima nilikosa ujasiri. Nilikula na Mama Pasi jioni kama kawaida, nikamuaga kama kawaida, nikapanda kulala.

Jumatano asubuhi mwenzangu alikwenda kukabidhi funguo kwa mwenye nyumba, nikajikaza, nikashuka peke yangu, jambo lililokatazwa. Nilimwambia Mama Pasi yote kwa mkupuo: kwamba basi letu linaondoka saa sita, kwamba sitapiga simu, kwamba siku ile nyuma ya rafu nilijua. Aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akaketi juu ya gunia. Sikuwahi kumwona ameketi saa za kazi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

Nilingoja anifukuze. Badala yake akaniambia jambo alilokuwa amenificha kwa wiki tano. Mwanawe alimtuma mkewe tangu siku ya tatu na ujumbe: mama arudi hata leo, mradi asimame mlangoni aseme kwamba alidanganywa. Kila wiki mkwe alikuja na maneno hayohayo, na kila wiki Mama Pasi alimrudisha mikono mitupu.

"Siwezi kulisema neno hilo," aliniambia. "Nikilisema nitakuwa nimemkana Bwana, na sitamkana. Lakini nimemkosa mtoto yule mpaka kifua kinauma." Akanitazama. "Wewe unaweza kulisema. Mimi nitanyamaza."

Nikamchukulia begi, tukavuka barabara. Mwanawe alifungua mlango akiwa na nguo za kazi, bisibisi mfukoni. Nyuma yake niliona meza, vikombe, na mtoto chini ya meza anachezea vifuniko vya chupa. Nikamwambia kwamba nilimdanganya mama yake.

"Ulimdanganya nini?" akauliza. Fundi ni fundi, alitaka kujua hasa palipoharibika.

"Nilimwambia sitamwacha, na leo naondoka."

Ningeweza kuishia hapo, maana huo ulikuwa ukweli na haukumgusa mtu mwingine ila mimi. Lakini alitikisa kichwa. Akasema hayo ni yangu na mama. Yeye alitaka kusikia habari za huyo Mungu tuliyemletea mama yake dukani.

Mama Pasi alikuwa pembeni yangu, ameikazia macho sakafu. Mtoto alikuwa ameacha vifuniko vyake, anamtazama bibi yake.

"Na huyo pia," nikasema. "Yote niliyomwambia si kweli. Aliniamini bure."

Mwaka mzima nilikuwa nimehubiri kwa kukwama, kwa kujikwaa, kwa kumeza mate. Maneno haya yalitoka yamenyooka. Nilisimama pale nikingoja niumie, nikingoja kitu chochote ndani yangu kikatae, na hakuna kilichokataa. Ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwa tena na hakika kwamba nimesema uongo.

Mwanawe akasogea pembeni. Mtoto alikuja mbio akamkumbatia bibi miguuni, na Mama Pasi akaweka mkono wake wenye makovu juu ya kichwa kile kidogo, akafumba macho. Kisha akainama kulichukua begi lake miguuni pangu, mdomo wake ukawa karibu na sikio langu.

"Mwanangu, uniombee," akanong'ona. "Humu ndani sitaweza kupiga magoti. Sasa ni wewe tu utakayenisemea kwake."

Nikamwambia nitamwombea kila siku. Akaitikia kwa kichwa, ametulia kabisa, akaingia ndani, na mwanawe akafunga mlango.