Kumwita Ayeeyo Mama Mzee

Kiingereza nilikiacha darasa la tatu, kule Bura, mvua ilipokosekana na baba akanitoa shuleni nikachunge mbuzi. Sikukiwaza tena mpaka mjukuu wangu Ruweyda alipokileta nyumbani, hapa Garissa, akitafuta kazi ya kutunza wazee Uingereza. Mbuzi wa baba yake walikuwa wamekwisha wote kwa kiangazi. Wadogo zake walikuwa wakimtazama yeye tu.

Mara ya kwanza walimhoji kwa simu. Nilikuwa nimelala mkekani, mguu wangu mbovu uko mapajani mwake, anaukanda kwa mafuta ya ufuta kama alivyofanya kila siku tangu nilipoanguka. Simu ikalia. Akajifuta mkono mmoja, akapokea. Mzungu akamuuliza kama amewahi kumtunza mtu mzee. Ruweyda akasema hapana, hajawahi. Mkono wa pili bado uko gotini kwangu.

Wakamkataa.

Abdinasir, mtoto wa ndugu yangu, ndiye aliyekuwa akimfundisha Kiingereza. Aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

"Na huyu unayemkanda ni nani? Ngamia?"

"Huyu ni ayeeyo wangu," Ruweyda akasema kwa hasira. "Hiyo si kazi."

"Kwa Kiingereza ni kazi, abaayo."

Abaayo kwetu ni dada. Ayeeyo ni nyanya, na nyanya naye humwita mjukuu ayeeyo. Sisi wawili tumeitana hivyo tangu alipojua kusema.

Abdinasir akampa sentensi: *I take care of an old lady*, yaani namtunza mama mzee. Akamwambia isitoke kama sura ya kukariri madrasa. Itoke kama mtu anavyokwambia anauza maziwa sokoni. Ruweyda alikuwa ameomba tena, nao wangempigia Alhamisi.

Ruweyda akashindwa. Kila akifika kwenye maneno "mama mzee" anakwama, anasema nyanya yangu, na sauti inakuwa ya mtoto.

"Ukisema nyanya yako watadhani ulikuwa unakaa tu nyumbani," Abdinasir akamwambia.

"Wallahi naona kama namkana."

Alipoondoka Abdinasir nikamwita. "Njoo hapa. Mimi ndiye mzungu. Nimevaa suruali."

Akacheka.

"Wewe msichana, unafanya kazi gani?"

"Namtunza mama mzee," akasema kwa Kiingereza, akinikwepa macho.

"Ana adabu huyo mama mzee?"

"Mkali! Dawa hataki, anataka chai ya maziwa ya ngamia tu."

"Mfukuze!"

Tukacheka wote. Kisha nikamwambia aniangalie usoni, aseme tena bila kucheka. Akaniangalia, akasema. Ikatoka laini. Halafu akaficha uso kwenye shali yangu akalia.

"Ayeeyo, nisamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Rudia."

Akarudia. Nilimrudisha mpaka machozi yakakauka, sentensi ikabaki.

Alhamisi alipokea simu nje, chini ya dirisha langu. Nilijiona nikipita katika maneno yake, mama mzee wa watu, bila yeye kujikwaa. Wakamchukua. Aliingia ndani, akachukua chupa ya mafuta, akanikanda mguu bila kuniangalia, na mimi sikumlazimisha.

Sasa yuko huko. Osob, binti wa jirani, huja asubuhi kunisaidia. Ijumaa Ruweyda hupiga simu. Ijumaa iliyopita aliniambia yule anayemtunza naye ana goti bovu. Alimkanda, mama wa watu akashangaa, akamuuliza umejifunza wapi haya.

"Ukamjibuje?"

Akanipa jibu lilelile alilompa, kwa Kiingereza, haraka, kama wenyewe wanavyosema: kwamba kwao alikuwa akimtunza mama mzee mmoja. Hiyo Abdinasir hakumfundisha. Na hakusita hata kidogo.

"Umesema vizuri, ayeeyo," nikamwambia.

Nyuma yake sauti ya kizee ilikuwa ikimwita, jina limepinda kidogo. Akaitika "nakuja," lakini si kwangu, na simu ikakatika.

Osob alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya mafuta, akiuliza ni mguu gani.