Kona Isiyofunikwa

Tangu kijana Griffins alipoumia mpirani, Himid alikuwa hapendi kuulizwa hali. Na Waswahili wa Landani wakikosa la kusema, hilo la kuulizana hali halikosi. Akiingia duka la nyama Kilburn, "Vipi Himid?" Akitoka msikitini, "Vipi nyumbani, watoto hawajambo?" Jawabu lake alikuwa nalo tangu utotoni kwao Wete, jawabu la watu wote wa kwao, linatoka lenyewe kabla swali halijesha. Sasa likimfika ulimini alilimeza, akajibu "Wazima," akapita zake. Mkewe Suad alidhani mwanamume kashikwa na kiburi ukubwani.

Kiburi kingekuwa afadhali. Himid alikuwa na dhambi, na dhambi yenyewe ilianzia kwenye uwanja wa mpira.

Siku za kazi alikuwa dereva wa basi. Siku zake za mapumziko alikuwa mtunza uwanja wa Priory Rovers, klabu ndogo kiasi kwamba mchezaji akitolewa kipindi cha pili huenda kusaidia kuuza chai. Hakuna aliyemlazimisha. Alikwenda mara moja kumpeleka bintiye Miska kwenye mazoezi ya timu ya wasichana, akaona majani yamekatwa ovyo, akashindwa kunyamaza, na tangu siku hiyo mashine ya kukatia majani ikawa yake. Watu walimpenda. Walizoea kwamba jambo likiwa mikononi mwa Himid, mtu anaweza kwenda kulala.

Adui yao wakati wa baridi alikuwa barafu. Klabu kubwa zimefukia mabomba chini ya majani, maji ya moto yanazunguka humo, na asubuhi uwanja uko laini hata kama mji mzima umeganda. Priory walikuwa na maturubai. Jioni Himid anayatandika, asubuhi anayakunja. Suala la kuweka mabomba lilikuwa limeshawagawa. Katibu wao, Sonal, aliyataka: kila baridi ikikaza mechi zinaahirishwa, mashabiki wanazoea kukaa nyumbani, na wakishazoea hawarudi. Mwenyekiti, Mzee Tarsem, mwenye duka la masanduku ya safari pale barabara kuu, hakutaka kusikia. Alisema klabu kama yao kuweka mabomba ni sawa na kununua jiko la hoteli ili uchemshe yai moja. Tena gharama zake zingewalazimisha kuivunja timu ya wasichana. Hapo ubishi ulikuwa umekwama, na wengi waliona bora ukwame.

Basi ikafika Ijumaa moja ya Januari. Himid alitoka kazini amechoka, vidole havikunjiki kwa baridi. Akatandika maturubai mpaka ikabaki kona moja tu, ile iliyo chini ya ghorofa, ambako jua la majira hayo halifiki kabisa. Turubai la kona hiyo lilikuwa limeachwa majimaji na sasa limeganda, zito, halikunjuki. Akalivuta, likagoma. Akalivuta tena. Kisha akasema, "Haidhuru," akaliacha palepale, akaenda zake kuwahi mchuzi wa moto wa Suad. Mtu mzima na akili zake, haidhuru.

Asubuhi alikuja kuyakunja. Kila alipokanyaga palikuwa laini. Kona ile nayo alipaswa aiendee, aikanyage, aone kama kiatu kinazama au kinateleza. Aliitazama kwa mbali, amesimama na kikombe cha chai, akaona kijani, na kijani kilimtosha kwa kuwa alitaka kimtoshe. Ndipo Lawrence alipopiga simu.

Lawrence ndiye kocha, Mkenya wa kazi za ofisini anayeishi Croydon. Asubuhi za baridi humpigia Himid kabla ya kuwaita vijana, maana si haki kuwatoa watu vitandani waje kutazama uwanja ulioganda.

"Mzee, uwanja uko aje leo?"

"Alhamdulillahi," alisema Himid.

"Poa sana. Wacha niambie vijana wakuje."

Simu ikakatika.

Hapa yafaa tuelewane. Kwa Mpemba kama Himid, alhamdulillahi ndiyo ya kufungulia maneno, na habari yenyewe hufuata nyuma. Mtu ana homa, alhamdulillahi. Kafiwa, alhamdulillahi. Nyumba inavuja, alhamdulillahi, halafu ndipo anaanza kukueleza inavuja wapi. Msikilizaji wa kwao angengoja. Lawrence amelelewa Meru, kanisani, na kwake yeye mtu akishamshukuru Mungu namna ile basi mambo yamenyooka. Na Himid alilijua hilo. Wameshirikiana miaka, wametaniana sana juu ya maneno ya pwani na ya bara, alijua vizuri sana Lawrence amelisikiaje neno lile. Alikuwa na nafasi ya kumpigia tena amwambie: isipokuwa kona ya chini ya ghorofa, sikuifunika, wala sijaikanyaga. Simu ilikuwa mkononi. Akaitia mfukoni, akamalizia chai yake.

Refa alikuja, akakanyaga katikati, akakanyaga mbele ya magoli, akaridhika. Kipindi cha pili mpira ukakimbilia kona ile na Griffins akaufuata mbio. Himid alikuwa amesimama pembeni, aliona yote. Mguu wa mbele uliteleza, wa nyuma ukakunjika chini ya mwili. Sauti ya goti haikuwa kubwa, lakini aliisikia, na wiki zilizofuata alikuwa akiisikia hata akikanyaga breki ya basi.

Griffins ni mtoto wa nesi mmoja wa Kikenya, Jedidah, na kazi ya kijana mwenyewe ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani: kuwanyanyua, kuwaogesha, kuwakalisha dirishani. Madaktari walimwambia mpira asahau mwaka huu, pengine asahau moja kwa moja. Na kwa goti lile hataweza kumnyanyua mzee yeyote. Himid alikwenda kumtazama na sambusa za Suad. Kijana alikuwa amelala kwenye kochi, mguu juu ya mito, na badala ya kufarijiwa ndiye aliyemfariji mgeni.

"Usijilaumu, Mzee. Ni weather tu. Hakuna mtu angejua."

"Pole, mwanangu," alisema Himid. "Pole sana."

Aliisema pole hiyo mara nyingi mpaka mwenyewe akaionea haya. Pole humpa mwenzio hata ukiwa unapita njia tu na humjui, na yeye hakuwa mpita njia. Jedidah alimfungia sambusa mbili arudi nazo, kwa kuwa alimwona hakula.

Mkutano ukaitishwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa klabu wenye harufu ya soksi na vitunguu. Ajenda ilikuwa moja, mabomba. Griffins alikuja kwa magongo yake, akapewa kiti cha mbele. Wasichana wa timu ya kina Miska walijipanga nyuma, na jezi zao za mazoezi.

Sonal alisema yale yake ya siku zote, mechi na mashabiki. Watu walimsikiliza nusunusu. Kisha akasimama Lawrence.

"Himid mnamjua wote," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Hakuna jicho linaloujua uwanja huu kama lake. Asubuhi ile nilimuuliza, akaniambia uko sawa. Kama Himid mwenyewe hakuiona barafu ile, basi hakuna binadamu wa kuiona. Tusiwaache vijana wategemee macho ya mtu. Tuweke mabomba."

Wakapiga makofi. Wengine walimgeukia Himid wakimtikisia vichwa kwa heshima, na kila kichwa kilichotikisika kilimkandamiza kitini. Uaminifu wake ndio uliokuwa ukiuza mabomba. Angekuwa mtu ovyo anayejulikana kwa uzembe, mtu mmoja tu angeuliza, "Lakini turubai la kona lilitandikwa?" na mambo yangeishia hapo.

Mzee Tarsem alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai. Alisema alikuwa akipinga na moyoni bado anapinga, lakini hawezi kumtazama kijana yule kwenye magongo kisha ainue mkono kukataa. "Timu ya wasichana tutaisimamisha kwa muda," alisema, na wote mle ukumbini walijua muda huo hautaisha.

Himid aligeuka kumtazama bintiye. Miska alikuwa ameinamisha kichwa. Alipohisi anatazamwa akakiinua, akamwona baba yake alivyosawijika, akajilazimisha kutabasamu. "It's OK, Baba," alisema bila sauti, kwa midomo tu. Alifikiri baba anamhurumia yeye. Himid akaona kwamba akikaa kitini dakika moja zaidi hatasimama tena maisha yake yote.

Akasimama. "Sikumwambia uko sawa."

Lawrence aligeuka, na kwa mshangao akaiacha lugha ya mkutano. "Mzee, si uliniambia?"

"N'lokwambia ni alhamdulillahi."

Sonal akauliza maana yake nini. Lawrence akatafsiri. "Alimshukuru Mungu," alisema, na wawili watatu wakacheka wakidhani ni mzaha. Mzee Tarsem hakucheka. Lawrence naye alikuwa ameanza kuelewa, ilionekana usoni mwake, akakaa.

Himid akawaeleza yote. Turubai lililogoma, mchuzi wa moto, kikombe cha chai, kijani cha mbali. "Kona ile sikuifunika, na asubuhi sikuikanyaga. Nilipojua Lawrence amenielewa vingine, nikamwacha aelewe hivyo. Nilitanguliza jina la Mungu nikajificha nyuma yake." Akawageukia Sonal na Mzee Tarsem. "Mkitaka mabomba, wekeni, labda yana faida yake. Lakini msiyaweke kwa sababu ya Griffins. Goti la Griffins lilihitaji turubai moja tu, na mtu wa kulitandika."

Hakuthubutu kutazama kiti cha mbele.

Wakapiga kura. Mabomba yalikosa mikono, hata Lawrence hakunyanyua wake. Mtu mmoja akapendekeza kwamba kuanzia sasa maturubai yasitandikwe na mtu mmoja, na wasichana wote wakajitolea kwa zamu. Mzee Tarsem alimpiga Himid bega akamwambia ni watu wachache wenye moyo wa kusema vile mbele za watu. Sonal, ambaye ameshindwa, alimpa mkono. Miska alikuja akamshika kiuno kama alipokuwa mdogo. Na Himid, Mungu amsamehe, akaanza kujiona mwepesi. Alipokea mikono yao. Alifikia hata kunywa chai.

Alimkuta Griffins kwenye kibaraza cha mlangoni, anahangaika kufunga vifungo vya koti, magongo yakiwa kwapani. Himid alisimama mbele yake.

"Nisamehe, mwanangu. Hili ndilo nililotakiwa nikwambie siku ile nyumbani kwenu."

Griffins alifunga kifungo cha mwisho kwanza. Sura yake haikuwa na hasira, na Himid angependa iwe nayo.

"Unajua nimekuwa nikilala aje, Mzee?" alisema. "Usiku najiambia, hakuna mtu alinifanyia hii kitu. Ni baridi tu, na baridi haina shida na mtu. Nimesema hivyo mpaka nikaamini. Barafu nilikuwa nimeshaisamehe. Nilikuwa nimemaliza."

Himid alimsogelea kidogo.

"Ukakuja kwetu, ukakaa kwa kochi yetu, na mimi ndiye nikakuambia usijilaumu." Akayaweka sawa magongo yake. "Sasa wewe nikuanzie wapi?"

"Nikupeleke na gari," alisema Himid. "Nje kunateleza."

"Hapana."

Himid alinyoosha mkono amshikie mlango. Griffins aliuwahi, akausukuma mwenyewe kwa gongo lake, akatoka nje kwenye baridi, polepole, akiangalia kila anapokanyaga.