Antena Iliyopiga Magoti

Ua wa Mwalimu Abdiwahab, katika Bulla Iftin mjini Garissa, ulikuwa na urefu wa hatua kumi na nne na upana wa hatua tisa. Waya wa kurushia mawimbi ya mita themanini, ukitandazwa jinsi vitabu vinavyotaka, huhitaji mita arobaini. Abdiwahab alifundisha fizikia katika shule ya upili, kwa hiyo hakuweza kujidanganya kuhusu hesabu hiyo. Isitoshe, sehemu kubwa ya ua ilikuwa imekaliwa na mama mkwe.

Bi Timiro alikuwa amekataa kulala chini ya mabati. Alikuja na nyumba yake, aqal ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, akaisimamisha katikati ya ua kwa asubuhi moja. Mwalimu alibaki na nafasi ya kuanika shati.

Alijaribu yote. Aliukunja waya mara tatu chini ya paa, redio ikapokea ngurumo peke yake. Alimwomba jirani yake, Olow, ruhusa ya kuupitisha juu ya zizi lake, naye Olow akajibu kwamba mbuzi wake walikuwa na matatizo ya kutosha. Nasteho, mkewe mwalimu, aliyevumilia miaka miwili leseni ya redio ya ridhaa iliyotundikwa ukutani kama picha ya marehemu, hatimaye alitoa hukumu.

"Alhamisi, kabla ya adhana ya Isha. Nikimsikia mtu aliye nje ya Kenya akikujibu, redio itakaa. Nisipomsikia, meza ni ya cherehani yangu, na sanduku hilo litafute kwao."

"Hata akiwa mtu mmoja tu?"

"Hata akiwa mmoja na ana mafua."

Mtu huyo alikuwapo: Antoine wa Shelisheli, ambaye kwa barua aliahidi kusikiliza kila Alhamisi baada ya machweo, saa ambayo mawimbi ya mita themanini huanza kusafiri mbali. Kilichokosekana ni antena. Ndipo Abdiwahab alipoitazama aqal kwa jicho la fizikia. Waya ukizungushwa juu ya kuba ile kama springi, mita arobaini zote zingetoshea.

Adabu haikumruhusu kumsumbua mama mkwe. Kwa hiyo alimsumbua mkewe, kwa sauti ya kumfikia mama mkwe.

"Nasteho, labda waya mwembamba, usio na madhara, ungeweza kuzungushwa mahali fulani penye umbo la duara."

"Mwambie mumeo," sauti ilitoka ndani ya aqal, "mwanamume hafungi kitu kwenye nyumba hii. Alete waya. Nitafunga mimi."

Akafunga. Abdiwahab alipima nafasi kati ya mizunguko kwa rula, akakuta tofauti isiyozidi upana wa ukucha. Hakumwambia mtu, angelazimika kueleza kwa nini wanafunzi wake wa kidato cha nne hawawezi.

Alhamisi saa kumi alirudi kutoka shuleni, akakuta aqal haipo. Mahali pake ngamia dume alikuwa amepiga magoti, akitafuna.

"Mvua imenyesha upande wa Balambala," alisema Nasteho, akijifunika mdomo kwa ushungi. "Hooyo," akimaanisha mamake, "anahama alfajiri. Kaka Abdiwali ameleta ngamia."

Bi Timiro alikuwa amekwisha kupakia: mikeka ubavuni, miti iliyopindwa ikichomoza juu ya nundu kama mbavu. Waya ulikuwa ungali umefungwa kwenye miti. Kilichofungwa kwenye aqal ni sehemu ya aqal.

"Nasteho," alianza Abdiwahab, "labda waya ule..."

"Mwambie mumeo, mafundo yangu hufunguliwa nyumba inapofika."

Mwanasayansi hufanya kazi na vilivyopo. Baada ya Maghrib aliiunganisha redio na ncha ya waya, akayatumia mabati ya paa kama upande wa pili, na betri ya gari ikatoa umeme. Aliita. Hakuna aliyejibu. Aliita tena, mara ya tatu, mara ya nne. Ukuta wa Olow ulikuwa umejaa vichwa.

"Mwalimu!" alipaza Olow. "Mpe ngamia maikrofoni, yeye ana pumzi!"

Dakika sita zilibaki. Nasteho alikuwa amekwisha kuleta kitambaa cha kufunikia cherehani. Hapo Bi Timiro, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya ndoa ile, alimsemesha mkwewe moja kwa moja.

"Iko chini. Nyumba yangu ilikuwa juu zaidi."

Akamgunia ngamia kwa sauti ya kooni. Mnyama akainuka kwa awamu tatu, akilalamika katika kila awamu, na mshale wa kipimo cha redio ukainuka pamoja naye.

"Garissa! Garissa, nakusikia!" redio ilipasua hewa. "Ulikuwa nzi ndani ya chupa, sasa ni binadamu. Umefanya nini?"

"Antena imesimama."

"Ni ya aina gani?"

Abdiwahab hakuwahi kusema uongo katika jambo la kisayansi. "Ni ngamia."

"Rudia?"

"Ngamia. Dume. Miaka tisa hivi."

"Urefu wake?"

"Unategemea hali yake ya moyo."

Ngamia alinguruma.

"Na kelele hiyo?" aliuliza Antoine.

"Ndiyo antena."

Olow alianguka kutoka ukutani, upande wa mbuzi. Nasteho alikaa chini mavumbini, akicheka mpaka kitambaa cha cherehani kikawa cha kufutia machozi. Bi Timiro alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, huku ameishika kamba ya antena. Adhana ya Isha ilipoanza, Antoine alikuwa bado anaomba picha.

Nasteho alitimiza neno lake: redio ilibaki mezani. Alfajiri antena iliondoka kwa miguu minne kuelekea Balambala, na ua ukabaki mtupu, hatua kumi na nne kwa tisa. Kabla ya adhuhuri kamba ya nguo ilikuwa imeujaza.

"Hooyo ameacha ujumbe," alisema Nasteho. "Anayeutaka waya, aufuate."

Jumatano iliyofuata mwalimu mkuu alipokea ombi la ruhusa ya siku mbili. Kwenye nafasi ya sababu paliandikwa, kwa mwandiko safi: *Kumsimamisha ngamia.* Alitia sahihi bila kuuliza. Wiki nzima Garissa yote ilikuwa ikimweleza.