Michubuko ya Bubu

Saa kumi na robo alasiri, fundi wa kushona kola alimchukua binti yake kwa mlezi, akafika naye chumbani kwao, akamkalisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kidoti alikuwa na miaka miwili na nusu. Hakukubali kuoga bila dubu wake wa kitambaa, aliyekuwa amekonda kwa kukumbatiwa, sikio moja limetafunwa, manyoya yamebaki mgongoni tu. Ulimi wake haukuwa umeliweza neno dubu, kwa hiyo alimwita Bubu, na jina likamkaa.

Siku hiyo Bubu alikuwa na alama nne za vidole kwenye mkono wa kushoto. Fundi alidhani ni uchafu. Akapaka sabuni, akasugua. Alama zilikuwa za zambarau, zimevimba kidogo, na alipozibonyeza, pamba ya ndani ilijikunyata kama nyama inayouma. Akamgeuza mwanawe, akamkagua kuanzia utosini hadi unyayoni. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Nani kamfinya Bubu?"

"Shangazi," mtoto akajibu, akaendelea kuchota maji kwa kikombe.

Shangazi ndivyo watoto wote kumi na mmoja walivyomwita mlezi. Chumba chake kilikuwa safi, kimetazamana na geti la kiwanda cha mashati, na hakukuwa na mwingine aliyepokea watoto alfajiri. Saa moja kamili asubuhi geti lilifungwa. Aliyekutwa nje mara mbili hakuwa na haja ya kuja mara ya tatu.

Kesho yake Bubu alikuwa amevimba shavu. Wiki iliyofuata alikuwa na alama ya mwiko mgongoni. Fundi alianza kuiogopa saa kumi. Ikigonga saa nane tu, kola anaziweka nje ndani.

Ijumaa mkono wa Bubu ulining'inia. Fundi alimpeleka zahanati, Kidoti akiwa mgongoni. Muuguzi alimlaza Bubu kwenye kitanda, akampapasa taratibu.

"Bega limeteguka," alisema, akalifunga bandeji. "Alianguka?"

Fundi aliangalia mlango. "Alianguka."

Muuguzi akaandika. "Pale kwa mlezi wenu wanaanguka sana," alisema bila kuinua kichwa. "Huyu ni wa nne mwezi huu. Watatu walikuwa watoto."

Jumatatu asubuhi fundi alijikaza. "Shangazi, dubu wa Kidoti anaumia."

Mlezi alikuwa anakunja nepi. "Na Kidoti mwenyewe, Mama Kidoti?"

"Mzima."

"Basi tushukuru. Ila kama unaona hapakufai, sema tu mapema, maana kuna wanaosubiri nafasi." Aliyasema kwa upole, akainama kumfunga Kidoti kamba za viatu.

"Hapana, panafaa," fundi akasema. "Ngoja niwahi."

Alhamisi Bubu alirudi na alama mpya shingoni. Kidoti naye alikuwa nazo, vidole vinne pajani. Fundi alizitazama mpaka maji yakapoa.

"Bubu alikuwa wapi?"

"Kwa Kachupa," mtoto akasema. Kachupa alikuwa mdogo kuliko wote pale, mtoto wa mama anayeshona vifungo kiwandani. "Kachupa alikuwa analia."

"Usimpe tena mtu Bubu. Umesikia? Usimpe mtu."

Kidoti aliitikia kwa kichwa. Fundi alisikia maneno yake mwenyewe, akaona haya mbele ya mtoto wa miaka miwili. Alimfunga taulo, akamweka mapajani, mgongo wake ukimwelekea, wasitazamane usoni.

Jumapili nzima alishona. Alitumia vitambaa vilivyobaki kwenye kola, akapata dubu kumi, wembamba, wa rangi ya mashati. Jumatatu aliwagawa getini. Hakuna mama aliyeuliza ni wa nini. Jirani yake wa mashine alimgeuza wake, akamminya tumbo. "Huna mkubwa kidogo?" aliuliza. "Wangu ana miaka minne, na hasikii."

Shangazi aliwapokea vizuri, akawaandika majina ya watoto kwa kalamu ya wino, kila mmoja kisiginoni, wasije wakachanganyika. Tangu hapo hakuna mtoto aliyepelekwa zahanati. Kiwandani Shangazi alisifiwa kwa malezi, na wenye watoto wachanga wakaanza kuweka nafasi.

Dubu walidumu wiki tatu, wakijitahidi sana mwezi. Wakichakaa, fundi alishona wengine, na akina mama wakamletea vitambaa.

Asubuhi, baada ya kumbusu mwanawe na kumkabidhi, fundi huvuka barabara kuelekea getini. Mara nyingine, kabla hajafika, husikia nyuma yake sauti ya pamba ikipigwa, moja, mbili, tatu, na watoto kumi na mmoja wamenyamaza kimya. Huongeza mwendo.