Kamba Nyekundu Mlangoni Kwetu

Akina mama wenzangu, mkimwona mtu anakuja na kamba nyekundu begani, msimpe hata kiti kabla hamjamuuliza anataka nini.

Huyu wetu alitumwa na makumbusho ya mjini, jina lake Bwana Eleuterio. Alikuja na neno moja: kiaraukano. Sisi ni Wamapuche, wenyeji wa kusini mwa Chile, neno hilo hatulitumii, ni la wageni na vitabu vyao. Akatufundisha maana yake: kitu chetu chochote cha zamani, kizuri, kisichotumika wala kusogea.

"Chungu hiki ni cha kiaraukano," akasema, akakizungushia kamba. Nikashindwa kupika. Mtambo wa kufumia nao, kamba. Poncho ya mume wangu, vazi nililokuwa nafuma, ikabaki na bega moja. Mama mkwe alikuwa anasinzia kando ya moto, akazungushiwa vilevile. Akaamka na chafya.

"Bibi, chafya si ya kiaraukano."

"Basi nisogezee hilo shati lako nifutie pua."

Nilicheka, mpaka alipomfikia binti yangu Llanquiray. Alimvalisha mapambo ya fedha ya bibi yake, akamsimamisha mlangoni ndani ya kamba. "Huyu ndiye hasa! Asile, asiseme, asipepese macho. Kesho nampeleka makumbusho, akae huko."

Na mtoto akapenda! Nikamwambia kuni zimeisha, kimya. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi kama kijiko.

Akaja jirani yetu Clorinda. Kwetu mgeni hasalimu mara moja akamaliza. Anauliza habari za kila mtu, na za kondoo, na za viazi, na aliyeulizwa lazima ajibu. Ukimnyamazia mkubwa, umempa habari mbaya.

"Mwanangu, mama yako hajambo?"

Kimya.

"Anaumwa?"

Kimya.

"Usiniambie amekufa!"

Kimya. Clorinda akapiga yowe.

"Clorinda, mimi hapa," nikasema, nimesimama nyuma ya binti yangu, mikono imejaa unga.

"Nyamaza wewe marehemu, naongea na mwanao!"

Majirani wakajaa. Mmoja akaenda kukamata kondoo wa matanga. Mimi wakanilaza kwenye benchi. Bwana Eleuterio aliponiona hivyo, macho yakamng'aa.

"Hatumiki tena, hasogei. Kiaraukano kabisa!" Akanizungushia kamba.

Ningeweza kuinuka. Nikamtazama binti yangu pale mlangoni, nikafumba macho, nikangoja.

"Mtoe kwenye kamba!" Sauti ilikuwa imekauka, lakini ni yake. "Mama yangu si wa makumbusho! Ana mkate kwenye majivu, hamsikii unavyonuka?"

Akaruka kamba, fedha zikimlia kifuani, akanivuta nikaketi. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Umesema! Umeshaharibika," Bwana Eleuterio akalalamika, akaanza kukunja kamba zake. Ya mama mkwe hakuipata, leo inaanikiwa nguo. Alipoondoka, alifuatwa na kuku wetu asiye na mkia, yule wa mayai ya bluu. Wafugaji wa mbali huwaita kuku wa aina hiyo wa kiaraukano, nadhani alidhani anaitwa yeye.

Mkate ulikuwa mweusi. Llanquiray aliumaliza wote.

Siku hizi mtu akimsifia binti yangu kwamba ametulia, namtuma kuni papo hapo.