Lesi, Shanga na Mkanda wa Mjomba Funga

Gauni la kuvishwa pete lilirudi kwa Shangazi Pini likiwa limekwanguliwa kuanzia begani, likakatiza kifuani hadi nyongani, nyuzi za hariri zimechomoka kana kwamba paka amelifanyia mazoezi. Shangazi alilishona kwa mkono wake mwenyewe. Alilitandaza juu ya meza ya kukatia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mstari ulikuwa palepale.

"Nani kakuchania gauni hivi, mwanangu?"

"Mkanda wa gari, shangazi," akajibu binti wa kaka yake, bibi harusi wa Jumamosi ijayo. "Gari la mjomba."

Mjomba mwenyewe, ndugu wa mama yake binti, alikuwa ameegemea mlango akichokonoa meno bila wasiwasi. Ukoo mzima ulimwita Mjomba Funga, maana hawashi gari mpaka aseme "Funga!" na asikie kila mkanda ukilia ta! Aliwahi kuifunga mkanda hata keki.

"Siku ya harusi sifungi," binti akasema. "Lile gauni lina lesi na shanga kifua kizima! Nitakaa wima, mjomba ataendesha polepole."

"Basi utakwenda kwa miguu, bibi harusi."

"Mjomba!"

"Nimeshaona kichwa cha mtu kikipasua kioo cha mbele. Shanga zinaokotwa."

Shangazi Pini, ambaye kumtania shemeji yake kulikuwa chakula cha kila siku, kwa hilo hakumtania. Lakini kunyamaza nako hakujui.

"Mnagombania nini nyie? Mtoto atafunga mkanda, na gauni litafika zima. Yote mawili. Mnadhani aliyesimama hapa ni nani?"

"Ni shemeji yangu, kaanza kujisifu hata uzi hajatunga."

"Wewe kazi yako usukani. Niachie sindano."

Shangazi hakuwahi kutoa nguo dukani bila kuisumbua kwanza. Suruali aliivaa akachuchumaa, koti alilivaa akafulia. Basi akachukua kipande cha lesi ileile, akakitia shanga zilezile, akakishikiza kwenye kifua cha blauzi yake kuukuu. Kisha akashona mfuko mrefu, mwembamba, ulio wazi pande zote mbili: satini nyeupe inayong'aa nje, bitana ya flana yenye manyoya ndani. Akaupitisha kwenye mkanda wa gari la mjomba, akaketi kiti cha nyuma kama malkia, mjomba akaondoa gari.

Tuta la kwanza tu, mkanda ukavutika, na mfuko ukaondoka nao, ukapanda na kushuka kifuani kama msumeno. Shanga zikamiminika mapajani.

"Shemeji, naona mvua inanyesha huko nyuma."

"Tazama mbele, usije ukanyeshewa na wewe."

Akarudi kwenye cherehani, akajaza sponji. Safari hii Mjomba Funga hata gari hakuwasha. Aliubonyeza mfuko kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Huu ni mto. Mkanda lazima umbane mtu. Ukiweka godoro katikati, nikikanyaga breki atatangulia yeye, mkanda ufuate baadaye."

Shangazi alinung'unika mpaka akamaliza maneno, lakini alijua anaambiwa ukweli. Akaingiza mkono ndani ya mfuko kuchomoa sponji. Vidole vikakwama kwenye flana. Akapapasa nje: satini ikateleza. Akapapasa ndani tena. Halafu akacheka peke yake hadi miwani ikamshuka puani.

"Kumbe nimeuvalisha mkanda kama mtu anayekwenda sherehe! Uzuri nje, bitana ndani, mazoea ya kifundi haya. Mkanda ndio uteleze huko ndani. Mfuko utulie juu ya gauni."

Akatoa sponji, akaupindua kama soksi.

"Washa gari, shemeji. Na usinionee huruma."

Hakumwonea. Alipita kwenye matuta yote ya mtaa, akatafuta uwanja mtupu, akakanyaga breki mpaka shangazi akaita majina ya marehemu. Mkanda ulibana sawasawa. Mfuko wa flana ulilala kifuani pake kama mtoto aliyeshiba, na hakuna shanga iliyodondoka. Akashona wa pili, wa mkanda wa kiunoni.

"Lakini ni mbaya, shangazi," binti akalalamika. "Mishono yote nje!"

"Nani atakupiga picha ndani ya gari? Mjomba wako? Atapiga pua yake."

Jumamosi ikafika. Gauni lilijaza kiti cha nyuma, shangazi akajibana pembeni. "Funga!" akanguruma mjomba. Ta! Ta! Wakaondoka.

Karibu na ukumbi, pikipiki ikachomoka uchochoroni bila kutazama kushoto wala kulia. Mjomba akakanyaga breki kwa nguvu zote. Bibi harusi akarushwa mbele. Mkanda ukamdaka na kumrudisha kitini. Shada la maua likaenda kugonga kioo cha mbele, petali zikatapakaa.

Shangazi Pini, kwa mara ya kwanza tangu ashike sindano, hakutazama nguo. Alimshika binti uso kwa mikono yote miwili.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia, shangazi. Bega tu limeshtuka." Kisha, kwa sauti ndogo: "Gauni je?"

Mjomba akasogeza gari taratibu hadi mlangoni pa ukumbi. Shangazi akafungua mkanda, akaondoa mfuko polepole, akapitisha kiganja kutoka begani hadi nyongani. Lesi ilikuwa laini, shanga zimekaa kila moja na mwenzake.

"Limefika zima," akasema. "Nilikwambieni."

"Safari hii jisifu, shemeji," mjomba akajibu, akijifuta jasho. "Jisifu mpaka kesho."

"Nani kakuomba ruhusa? Fungua mlango, watu wanangoja."

Bibi harusi akashuka bila maua, kifua mbele, na waliojazana mlangoni wakampisha.